Maji yanapopata kizunguzungu: namna ya kuyasoma ukiwa chomboni

Mtoto wa kaka yangu alizima mashine. Lilikuwa kosa, na nitaeleza kwa nini, ila kwanza nieleze tulikuwa wapi. Tulikuwa Ziwa Victoria, tunatoka kisiwa cha Ukara kurudi mwalo wa Igombe, kituo cha boti upande wa Mwanza, gunia 38 za dagaa wakavu, watu 5, saa 10 jioni, upepo umekaza tangu adhuhuri. Mbele yetu ilikuwa ncha ya kisiwa, mawe makubwa yamepandana kama yalivyo mawe ya Mwanza yote, na kando ya mawe hayo bonge la magugu maji, pana kama chumba cha kupanga, lilikuwa linazunguka. Haliendi popote. Linazunguka tu, polepole, kama mtu aliyesahau alichokuwa anatafuta. Kijana akaachia usukani akanigeukia: "Shangazi, pale pana mwenyewe."

Nikamwambia awashe mashine kwanza, habari za mwenyewe, yaani mzimu wa maji, tutaongea nyumbani.

Tuliongea usiku ule juu ya beseni la kuoshea vyombo, na haya ninayoandika ndiyo niliyomwonyesha. Mimi si mtaalamu wa maji. Nina boti 2 za mizigo pale Igombe. Nimezaliwa Ukara, nikalelewa na babu aliyekuwa akivuka kwenda Bugolora, upande wa Ukerewe, kwa kasia kabla mashine hazijawa za kila mtu, kisha nikaolewa na Mpemba. Kati ya babu na mume, sidhani kama kuna neno juu ya maji ambalo sijalisikia, la kweli na la uongo. (Wanaume wa mwaloni wana mwiko wao kwamba mwanamke hapandi boti ya uvuvi. Haya. Mimi napanda za mizigo, na za mizigo ni zangu.)

Anza na beseni

Tafuta beseni pana, lijaze maji nusu, uliweke chini pasipotikisika. Yaache maji yatulie dakika 5 nzima. Watu hukosa subira hapa, halafu wanasema jaribio limekataa. Nyunyiza kitu chepesi juu: pumba, maranda ya fundi boti, hata pilipili manga ya unga. Kisha zamisha mwiko wima, bapa lake litazame unakokwenda, uuburute polepole kiasi cha shibiri moja, halafu uutoe majini.

Utaona vizunguko viwili, kimoja kulia na kimoja kushoto pale mwiko ulipopita. Kimoja kinakwenda kama mishale ya saa, cha pili kinyume chake. Na vitaendelea kutembea sambamba hadi ukingoni mwa beseni, mwiko haupo tena, kama ndugu wawili walionuniana lakini wanakwenda msiba mmoja.

Sasa kagua chini ya beseni. Hakuna tundu. Hakuna kinachonyonya. Nilimfanya kijana apapase kwa mkono wake, maana hapa ndipo hofu yote inapoanzia. Maji yanayozunguka, vitabu huyaita kizingia, hayahitaji kitu kilichokaa chini kinachovuta. Yanaanzia pembeni, pale maji yanayokwenda mbio yanapopita kando ya maji yaliyotulia. Ya mbio yanayakokota ya jirani, ya jirani hayataki kwenda, na katikati yao maji yanajiviringa. Pekecha kalamu kati ya viganja vyako: kiganja kimoja kinakwenda mbele, kingine kinarudi nyuma, kalamu inazunguka. Viganja ndiyo yale maji mawili. Kalamu ndiyo kizingia. Pale viganja vinapokutana mimi napaita mshono, kwa sababu nimeshona magunia maisha yangu yote, na nitalitumia neno hilo hadi mwisho.

Fanya la pili. Weka jiwe liguse ukingo wa beseni na kichwa chake kitokeze juu ya maji. Tia mkono, uyazungushe maji yazunguke beseni zima, kisha toa mkono uangalie nyuma ya jiwe. Pumba zilizo mbali na jiwe zinapita moja kwa moja. Zilizo nyuma ya jiwe hazifuati wenzao: zinageuka, zinarudi kinyume hadi zinalikaribia jiwe, zinachukuliwa tena, zinarudi tena. Hiyo ndiyo ncha ya kisiwa chetu. Lile bonge la magugu lilikuwa ni pumba, basi, kwenye beseni la kilomita za mraba 68,000 na ushei.

La tatu halihitaji maji. Funga kijiwe kwenye uzi, kizungushe, halafu acha uzi ujisokote kwenye kidole chako. Uzi unavyozidi kuwa mfupi, kijiwe kinazunguka upesi zaidi, nawe hujaongeza nguvu yoyote. Maji hufanya hivyo hivyo. Yakiwa mbali na kitovu yanazunguka kivivu. Yakivutwa kuja katikati yanashika kasi. Na kwa kuwa kila kinachozunguka kinataka kukimbilia nje, maji ya katikati yanasukumwa pembeni na uso wake unabonyea. Ule mbonyeo ndio watu wanaouita shimo. Shimo ni dalili, kama jasho kwa mwenye homa. Unaweza kuwa na kizingia kikubwa sana kisicho na shimo lolote, na ziwani kwetu karibu vyote ni vya namna hiyo. Ndiyo maana anayengoja kuona shimo atachelewa.

Kidogo kuhusu Nanyuki

Kila nikieleza haya, hakosekani mtu wa kuniambia kwamba kaskazini mwa ikweta maji yanazunguka huku na kusini yanazunguka kule, na kwamba alionyeshwa kwa macho yake Nanyuki, mji wa Kenya ulio kwenye ikweta, kwa karai lenye tundu na njiti ya kiberiti. Alionyeshwa, ndiyo. Na aliyemwonyesha alilipwa. Ujanja uko kwenye namna anavyomimina maji na anavyogeuka na karai. Maji yakishapata msukumo mdogo wa kwanza, yanaukuza wenyewe, kama uzi ule kwenye kidole.

Jaribu mwenyewe. Jaza chupa ya lita 1 na nusu, ipindue mdomo chini: maji yanatoka kwa kukwama, glu glu glu. Jaza tena, ipindue, uitikise kwa kuizungusha mara moja. Maji yanafanya tundu katikati, hewa inapanda, chupa inaisha haraka. Yatazunguka kulia au kushoto? Upande ule ulioutikisa. Dunia haina habari na chupa yako. Mzunguko wa dunia huamua mambo makubwa, ya mamia ya kilomita, kama kile kimbunga Hidaya kilichofika pwani yetu Mei 2024. Beseni, chupa, hata kizingia cha kumeza boti, havimo kwenye hesabu hiyo. Kwa hiyo ukiwa ziwani usipoteze muda kukisia upande kwa kufikiria ikweta. Tazama mkondo unatoka wapi na jiwe liko wapi.

Baharini

"Ziwa lenu halipumui," mume wangu alisema siku ya kwanza nilipomleta Igombe. Alikuwa amekaa kwenye mawe tangu asubuhi akingoja maji yapwe. Hayakupwa. Kwao Pemba, siku za bamvua, yaani za maji makubwa, bahari hupanda na kushuka kiasi cha mita 3 hadi 4, mara 2 kila siku, na mtoto wa chuoni anajua saa ya kujaa na saa ya kupwa. Ziwa letu linavutwa na mwezi huo huo, lakini haliinuki ila sentimita chache, ambazo wimbi la boti inayopita linatosha kuzificha. Hata mwezi wenyewe una kazi tofauti: kwao unamwambia nahodha maji yatakimbia lini, kwetu unamwambia mvuvi wa dagaa apumzike, maana dagaa hafuati taa kukiwa na mbalamwezi.

Nalieleza hili kwa sababu vizingia vilivyo maarufu duniani viko baharini, na baba yao ni huko kujaa na kupwa. Vinataka vitu vitatu: maji mengi, mlango mwembamba, na kikwazo. Pale Saltstraumen, kaskazini mwa Norwei, pana mlango wa bahari wenye upana wa mita 150 hivi na urefu wa kilomita 3, na nyuma yake kuna ghuba. Bahari ikijaa nje, ghuba ya ndani bado iko chini, basi karibu mita za ujazo milioni 400 zinagombea kupita pale katika muda wa saa 6. Mkondo hufika kilomita 37 kwa saa, kasi ambayo boti yangu haifikii hata ikiwa tupu. Vizingia vyake hufika upana wa mita 10 na kina cha mita 5. Yaani lile shimo, hapo lipo kweli.

Corryvreckan, kati ya visiwa vya Jura na Scarba huko Uskoti, kikwazo ni kilima cha mwamba kilichozama, kilele chake kiko mita 29 chini ya uso wa maji. Mkondo ukikigonga unalazimika kupanda, na ukipanda unajikunja. Mwaka 1947 mwandishi mmoja Mwingereza aliingia pale na boti ndogo, watoto wamo ndani, akiwa amekosea saa za maji. Mashine ikachomoka kwenye ubao wake ikazama. Wakapiga kasia hadi kwenye kijisiwa cha mawe, boti ikapinduka wakishuka, na wavuvi wakawaokoa. Tangu nisikie kisa hicho mashine zangu zote mbili zina kamba ya pili, imefungwa kwenye taruma, zile mbavu za boti, mbali kabisa na ubao wa mashine. Kamba ile haifiki hata bei ya soda mbili.

Kule Naruto, Japani, kati ya Shikoku na Awaji, wamefanya biashara: vizingia vya bamvua hufika upana wa mita 20, na watalii wanakata tiketi ya boti kwa kufuata ratiba ya maji. Maana vina saa zake. Maji yakisimama, kati ya kujaa na kupwa, mlango unalala kabisa, na boti ndogo inaweza kupita pale pale ambapo saa 3 baadaye ingevunjika. Kwa hiyo ukiwa pwani kazi ni nyepesi: hesabu siku za mwezi. Bamvua huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na hapo mikondo ni mikali. Katikati yake ni maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana. Kama mlango wa bahari unakutia shaka, vuka siku za maji mafu, au saa maji yamesimama, na umuulize mwenyeji wa hapo, si mwenyeji wa kijiji cha jirani.

Ziwani

Kwetu hakuna ratiba. Anayesukuma ni upepo, na upepo hauchapishi kalenda.

Upepo ukivuma muda mrefu upande mmoja, kama kusi ya Juni hadi Agosti, unayasukuma maji ya juu yajikusanye upande wa pili wa ziwa. Uso wa ziwa unainama kidogo sana, kama supu kwenye sahani uliyoibeba vibaya. Upepo ukilala, maji yanarudi. Yanarudi yakipitiliza, yanarudi tena. Ziwa likiwa pana hutasikia kitu. Lakini maji hayo hayo yakilazimika kuingia na kutoka kwenye ghuba ndefu, kama Ghuba ya Mwanza yenye urefu wa kilomita 60 hivi, au kupenya kwenye mlango kati ya kisiwa na nchi kavu, hapo unapata mkondo siku ambayo hakuna hata upepo wa kutikisa unyoya. Hiyo ndiyo siku inayowachanganya vijana. Wanasema upepo hakuna, mkondo umetoka wapi? Umetoka kwenye upepo wa jana.

Halafu kuna upepo wa kila siku: mchana unatoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku unageuka unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Unapogeuka, maji ya juu yanaanza kufuata bwana mpya huku ya chini bado yanamtii wa zamani. Na mito nayo: Simiyu, Mara, Kagera, ikijaa wakati wa masika inaingia na maji mekundu yenye mwendo wake, yakikutana na maji ya ziwa yaliyosimama, mshono unaonekana kwa rangi tu, huhitaji darasa.

Mahali pa kutazama ni hapa. Ncha yoyote ya mawe inayoingia ziwani, hasa upande ambao upepo haupigi. Wengi hukimbilia upande huo kwa sababu ni kimya, na kweli ni kimya, ila ukimya unaishia kwenye mshono. Kati ya visiwa viwili vilivyokaribiana. Mlango wa Rugezi, kati ya Ukerewe na Kisorya. Na nguzo za madaraja: tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kilomita 3 za nguzo zimesimama ndani ya ghuba, na siku yenye mkondo ukitazama nyuma ya nguzo utaona vizunguko vidogo vinatoka kwa zamu, kimoja kulia, kimoja kushoto, kimoja kulia. Havina madhara kwa mtu. Ni beseni langu tu, limefanywa kubwa kwa fedha ya serikali.

Jambo moja zaidi. Ramani ya kichwani mwako inazeeka. Mwaka 2020 ziwa lilijaa likaipita rekodi ya 1964, na mawe tuliyoyajua kwa majina yakaingia chini ya maji. Jiwe lililozama nusu mita bado linageuza mkondo, ila sasa hulioni. Babu angekuwepo angelazimika kujifunza upya, na asingependa.

Dalili kabla hujafika

Ya kwanza ni vinavyoelea. Magugu maji, povu, majani, chupa za plastiki, vyote hukusanyika pale maji yanapojikunja. Mstari mrefu wa povu unaofuata upepo ni kawaida ya ziwa lenye upepo, usiuogope. Mstari unaokata upepo, au uliopinda kama mundu kuanzia kwenye ncha ya mawe, huo ndio mshono.

Ya pili ni uso wa maji. Kila mahali kuna vijiwimbi, halafu ghafla pana sehemu laini, inang'aa kama imepakwa mafuta, na katikati yake maji yanapanda kama uji unaokaribia kuchemka. Hapo maji ya chini yanakuja juu. Na kandokando yake mawimbi yanasimama wima, mafupi, yamebanana, kwa sababu yanakimbizana na mkondo unaokuja kinyume chake.

Ya tatu ni mkono. Kasia au usukani ambao ulikuwa mzito unakuwa mwepesi ghafla, au mwepesi unakuwa mzito. Babu alikuwa hatazami hata maji. Alikuwa anasinzia, mkono uko kwenye kasia, na kasia ikimwambia kitu anafumbua jicho moja.

Usiku tumia taa za wenzako. Wavuvi wa dagaa wanatega taa zao kwenye maboya, zamani karabai, sasa nyingi ni za sola, na ukiziona kwa mbali zimejipanga vizuri, maji yako sawa. Mstari ukianza kujikunja, taa za mwisho zinarudi kuelekea za kwanza na hakuna anayezivuta, zunguka mbali.

Na kama una shaka, tupa gunzi. Kila boti yangu ina mfuko wa magunzi. Gunzi linazama nusu, kwa hiyo upepo haulisukumi sana, linafuata maji. Tupa moja kushoto kwako na jingine kulia, mbali uwezavyo, usimamishe mwendo kidogo uhesabu hadi 30. Yakienda pamoja, pita. Yakiachana, au moja likianza kukurudia, umeuona mshono.

Ukishaingia

Kwanza elewa nini kinaipata boti. Hainyonywi. Boti yangu ina urefu wa mita 11; mbele inapovuka mshono inashikwa na maji yanayokwenda huku, nyuma bado imeshikwa na yanayokwenda kule. Mbele inavutwa, nyuma inavutwa, boti inageuka. Ikigeuka inalipatia wimbi ubavu. Wimbi la ubavuni ndilo linalopindua, na gunia zilizopangwa juu ya mbao zinalisaidia kazi.

Naijua bei yake. Mwaka 2014 nilikuwa na boti ya kukodi, nahodha wa kukodi, gunia zimepangwa kama ghorofa kwa sababu nilikuwa na haraka ya soko la Kirumba. Tulipofika kwenye mshono boti ikageuka, wimbi moja, la pili, na gunia 11 zikaenda majini. Dagaa mkavu anaelea kwa muda, basi nilizitazama zikizunguka pale, karibu kabisa, zinapita mbele yangu na kurudi kama zinaniaga, na hakuna aliyethubutu kuinama kuzishika. Nahodha alisema maji yale yana laana. Yalikuwa na mshono, na sisi tulikuwa na tamaa.

Watu wengi huyasingizia maji. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka tarehe 20 Septemba 2018, karibu kabisa na gati la kwetu Ukara, nilisikia kwa masikio yangu watu wakisema maji yamekizungusha. Kivuko kilichotengenezwa kubeba watu 101 kilikuwa na mamia, na waliokufa ni zaidi ya 200. Sitaongeza neno hapo.

Basi, kabla ya mshono: wakalishe watu chini, katikati, na mtu asiinuke hata kama ameona nduguye ufukweni. Jaketi za kuokolea zivaliwe. Zikiwa zimekaliwa ni mito. Punguza mwendo, ila usizime mashine. Boti isiyo na nguvu haina usukani, ni gunzi kubwa lenye watu ndani. Ukishaona mshono umekaa vipi, uvuke kwa kuukata, mbele ikitangulia moja kwa moja, ili boti yote ipite upesi upande mmoja. Usiambae nao. Anayeambaa na mshono anakaa kwenye viganja vya kupekecha.

Boti ikianza kugeuka, usiizuie kwa kukata usukani kwa nguvu, hapo ndipo wengi wanajipindua wenyewe. Iache igeuke kidogo kufuata maji, shika mwendo taratibu kwa upande ule ule maji yanakokwenda, na utoke kwa nje, kama jiwe linavyotoka kwenye kombeo. Kizingia cha ziwani ni dhaifu. Kinataka kukuzungusha, hakina nguvu ya kukushikilia. Mtu mmoja afue maji muda wote huo, yaani ayachote na kuyamwaga nje ya boti, na ndoo ya kufulia iwe imefungwa kwa kamba, maana ndoo ndiyo hukimbia kwanza.

Mtu akianguka majini, hapa naigombeza methali. Mfa maji haachi kutapatapa, wanasema, na ni kweli, ndiyo maana anakufa. Lala chali, uso juu, acha maji yakupeleke. Yatakuzungusha. Ukipita upande wa nje wa mzunguko, pale maji yanapoachana na jiwe, ogelea kwa kufuata mwendo wao ukielekea nje, usirudi kupambana nao. Walio kwenye boti wakutupie dumu tupu la lita 20 lililofungwa kamba, kifuniko kimekazwa. Sisi tunayo 4, yamefungwa ubavuni, na abiria wapya wanadhani ni ya mafuta.

Kisulisuli si kizingia

Mara nyingine asubuhi, wingu zito likiwa juu ya ziwa, utaona kitu kama mkonga wa tembo kinashuka kutoka mawinguni na kugusa maji, na pale kinapogusa maji yanaruka kama moshi. Hicho ni kisulisuli cha majini, ni upepo unaozunguka, hakihusiani na mkondo wala jiwe. Kanuni zote za hapo juu uzisahau. Hukikati, hukifuati. Tazama kinakoelekea kwa kukilinganisha na kilima au kisiwa, halafu ukimbie kwa pembeni, mbali na njia yake, si mbele yake. Na kabla ya kutoka mwaloni sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mvua za radi za ziwani hupenda usiku wa manane hadi alfajiri, saa ambazo ndizo sisi wa mizigo tunapenda kuondoka ili tuwahi soko.

Siku ile, baada ya mashine kuwaka, tulikaa umbali wa kama mita 100 kutoka kwenye magugu. Nilimpa kijana magunzi mawili. La kwanza lilipita moja kwa moja kuelekea Igombe kana kwamba lina miadi. La pili, alilolitupa karibu na mawe, lilisimama, likafikiri, kisha likaanza kuturudia. Akahesabu kwa sauti. Alipofika 22 akakata usukani kuelekea maji mapana, bila kuniuliza, na tukazunguka kwa nje. Tulichelewa dakika 40.

Juzi nimemkuta mwaloni ananunua mahindi ya kuchoma, mawili, ya kwake peke yake. Nikamuuliza, njaa gani hiyo? Akasema, "Shangazi, mfuko umebaki na gunzi moja."